Sura ya Sita: Ufunguo wa Ukumbi

Oktoba 1976, ratiba ya Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa jijini Nairobi ilikuwa imejaa. Kikundi cha ballet kutoka Ufaransa kilikuwa na siku zake, na waigizaji wa mjini walikuwa wakijiandaa kuonyesha mchezo wa vichekesho na nyimbo uliotoka Marekani. Katikati ya hao zikapenyezwa tamthilia mbili za Kenya zilizokuwa zimeteuliwa kwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC 77. Moja ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Ya pili ilikuwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Kila moja ilipewa siku nne.

Watu walijaa. Tamthilia ya Kimathi ilipokwisha, watazamaji waliinuka vitini, wakaungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho na kutoka nao nje hadi barabarani wakicheza. Kazi ambayo nchi iliiamini kiasi cha kuipeleka Nigeria ilikuwa imelazimika kuombewa nafasi nyumbani kwake, ikaambulia nusu ya juma.

Suala la nani ana ufunguo wa ukumbi, na kwa siku ngapi, ndilo linalowakabili hadi leo wanafunzi wa drama wa Thika na Ruiru.

Anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita Githurai na Kahawa, akaliacha lango la Chuo Kikuu cha Kenyatta, akaingia Ruiru, kisha Juja, na hatimaye Thika, yapata kilomita 45 kutoka katikati ya jiji. Tangu barabara hiyo ipanuliwe na kufunguliwa upya mwaka 2012, imekuwa kama mgongo wa mji mmoja mrefu. Pembeni mwake kuna Chuo Kikuu cha Zetech upande wa Ruiru, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2011, katikati ya Thika. Kuna pia shule za upili zenye majina makubwa: Thika High, Chania ya wavulana na ya wasichana, Mang'u. Ni vigumu kutaja kipande kingine cha barabara nchini Kenya kilichobeba vijana wengi hivi wanaosoma. Lakini mwanafunzi wa huku anayetaka kusimama kwenye jukwaa lenye pazia, taa zinazoongozwa na fundi, na watazamaji walionunua tiketi, kwa kawaida hupanda matatu kuelekea Nairobi. Huko ndiko uliko Ukumbi wa Kitaifa uliofunguliwa mwaka 1952, na huko ndiko ziliko kumbi za Alliance Française na Goethe-Institut.

Anachokiacha nyuma ni chakula cha mwandishi. Thika ina viwanda, mashamba ya mananasi yasiyoonekana mwisho, na simulizi ya ule mti wa mugumo ambao, kwa utabiri wa Mugo wa Kibiru, ungeanguka siku za ukoloni zikiisha. Wakoloni waliuzungushia ukuta na vyuma, na wakazi husimulia jinsi ulivyoanguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa, ndicho kilichozaa aina ya Ruiru 11 katika miaka ya themanini, na mashamba ya kahawa yaliyong'olewa yakageuka maghorofa ya kupangisha. Babu aliyechuma kahawa na mjukuu anayelipa kodi kwenye ardhi ileile: mgogoro wa tamthilia uko hapo, unasubiri wa kuuandika.

Na wanaandika. Kwa wengi safari huanza shuleni, katika lile tamasha ambalo Wakenya hulifahamu kwa neno moja tu, drama. Lilianza mwaka 1959, chini ya walimu Waingereza, na kazi zilizochezwa miaka ile zilikuwa za Kiingereza kwa kila hali, kuanzia lugha hadi mavazi. Kufikia miaka ya sabini mambo yalikuwa yamebadilika. Walimu Waafrika walishika usukani, shule zikaanza kutunga michezo yake, Kiswahili kikapata nafasi, na ngoma za makabila zikatoka uwanjani zikaingia jukwaani na kuwa ngoma za kubuni zenye hadithi ndani yake. Leo kuna tamthilia, masimulizi, mashairi ya kughaniwa, ngoma, vichekesho na hata filamu. Vikundi hupanda ngazi kwa ngazi, kaunti ndogo, kaunti, eneo, mpaka kitaifa mwezi wa Aprili, na washindi hualikwa kuonyesha kazi zao mbele ya Rais.

Mazoezi yenyewe huanza Januari, mara tu shule zinapofunguliwa. Saa kumi jioni, holi la kulia chakula huwa bado lina harufu ya githeri. Meza zinasukumwa ukutani, benchi mbili zinageuzwa kitanda cha hospitali, na msichana wa kidato cha pili anafundishwa kuanguka bila kuumia goti. Mandhari hutengenezwa kwa mbao nyepesi zilizofunikwa vitambaa na kupakwa rangi, zikiunganishwa kwa bawaba ili zikunjwe na kupakiwa juu ya basi la shule. Maleba hutoka kwenye masanduku ya akina mama na kwenye vibanda vya mitumba. Kikundi hufundishwa kusimika nyumba nzima jukwaani kwa dakika chache huku wengine wakiimba kuziba pengo, kwa sababu nyuma yao kuna shule nyingine inayosubiri mlangoni. Majaji huketi katikati ya ukumbi na karatasi zao, na baadaye husimama kueleza walichokiona: nani hakusikika, nani aliwageuzia watazamaji mgongo, mgogoro upi ulitatuliwa haraka mno. Mtoto wa miaka kumi na sita anayepita katika tanuru hilo mara tatu au nne anatoka na nidhamu ambayo shule nyingi za uigizaji duniani hutoza ada kubwa kuifundisha.

Kwa miaka ya mwanzo, fainali zilifanyika pale pale Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi. Mwanafunzi aliyefika huko aliigiza kwenye jukwaa lilelile la waigizaji wa kulipwa. Baadaye tamasha likaanza kuzungushwa mikoani, na uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa: kwa nini wazazi wa Kakamega au Mombasa wasione watoto wao? Hata hivyo kuna kilichopotea. Tamasha lilipoanza kuhama kutoka mji hadi mji, mara nyingi liliangukia kumbi za shule, zilizojengwa kwa ajili ya mitihani, ibada na mikutano ya wazazi. Sauti hupotelea kwenye mabati. Mchana jua hupenya madirishani, hivyo tukio la usiku huchezwa kweupe. Watazamaji wengi ni wanafunzi wa shule shindani, wanaoujua mchezo kwa jicho la mashindano.

Na jambo kubwa zaidi: mchezo huishi kwa maonyesho machache, kisha hufa. Ukishindwa kwenye kaunti, miezi mitatu ya kazi imekwisha. Ukishinda kitaifa, kuna onyesho mbele ya Rais, kombe linawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na Januari inayofuata skripti mpya inaanza. Kuna mamia ya tamthilia za Kenya zilizoandikwa kwa njia hii tangu 1959, na sehemu kubwa haikuwahi kuchapishwa wala kuchezwa tena. Taifa lenye hazina ya namna hiyo limeiacha kwenye madaftari na kwenye kumbukumbu za waliokuwa wanafunzi.

Kuna swali jingine ambalo wapenzi wa drama hulikwepa, nalo ni la nani hasa anayeandika. Shule zenye uwezo huajiri watunzi na waelekezi kutoka nje, na wengi wao ni wasanii stadi wanaotegemea msimu huo kwa riziki. Mwanafunzi hupokea mistari, huikariri, huicheza kwa moyo wote. Ni mafunzo mazuri ya uigizaji, ila si mafunzo ya utunzi. Swali hili lilichemka hadharani Aprili 2025, pale Butere Girls walipofika kwenye tamasha la kitaifa Nakuru na Echoes of War, tamthilia iliyoandikwa na Cleophas Malala, seneta wa zamani wa Kakamega. Maafisa wa serikali walihoji kwa nini mwanasiasa anawaandikia wasichana wa shule. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kucheza. Tarehe 10 Aprili waliingia ukumbini katika shule ya Melvin Jones, wakakuta hakuna watazamaji wao wala vyombo vyao vya sauti, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kucheza. Nje polisi walirusha vitoa machozi. Mwaka 2013 shule hiyohiyo ilikuwa imepigiwa marufuku Shackles of Doom, ya mtunzi yuleyule, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati.

Hoja kwamba mtunzi alitoka nje haikuwa na nguvu ya kufunga ukumbi, kwa sababu watunzi kutoka nje wamekubalika miaka yote pale walipoandika mambo yasiyomkera mtu. Wasichana wale walionewa. Lakini tukio lile linaonyesha pia kwa nini ni muhimu mwanafunzi ashike kalamu mwenyewe. Anayeandika maneno yake anaweza kuyatetea popote, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba ametumwa.

Kwenye barabara ya Thika, mahali ambapo kalamu hiyo imeshikwa kwa muda mrefu zaidi ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, kabla tu ya kufika Ruiru. Zamani palikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, Templer Barracks. Mwaka 1965 majengo yalikabidhiwa serikali ya Kenya na kuwa chuo, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Imbuga alifundisha hapo kwa miaka mingi. Mtu anayejiuliza kama alikuwa akiwafikiria wanafunzi wake aifungue Betrayal in the City: Jusper, mwanafunzi wa chuo kikuu katika nchi ya kubuni ya Kafira, anaandika mchezo wa kumtumbuiza mgeni wa serikali, wafungwa wanapewa nafasi za kuigiza, na mchezo huo unageuka kuwa njia ya kumwangusha kiongozi aitwaye Boss. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimeisoma hadithi hiyo kama kitabu cha mtihani. Katikati yake kuna kijana aliyepewa jukwaa la dola na kulitumia atakavyo yeye.

David Mulwa, mwandishi wa Redemption na Inheritance, alikuwa mwalimu wa jukwaani wa chuo hichohicho, mwigizaji na mwelekezi aliyewaonyesha wanafunzi kwa mwili wake mwenyewe jinsi mhusika anavyotembea. Na Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa, alikuwa mhadhiri hapo alipochapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, tamthilia ya Kiswahili kuhusu Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi kudai haki yao. Msomaji wa Thika au Ruiru hahitaji kuelezwa shamba hilo linafananaje. Mwaka uliofuata, katika msako wa wahadhiri uliofanywa na serikali ya Rais Moi, Mazrui aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Mwaka huohuo wa 1982, mwezi Februari, kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kutoka Limuru kilifika Ukumbi wa Kitaifa kwa mazoezi ya mwisho ya tamthilia ya Maitũ Njugĩra kikakuta milango imefungwa. Wakahamia jukwaa la Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakaja kuangalia mazoezi, hadi hayo nayo yakapigwa marufuku. Machi, serikali ilivunja ukumbi wao wa wazi kule kijijini. Ukumbi huo, wa watu wapatao 2,000, ulikuwa umejengwa na wakulima na wafanyakazi kwa mikono yao, na tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo Ngũgĩ alishiriki kuiandika, ilifunguliwa hapo tarehe 2 Oktoba 1977, ikachezwa kwa majuma sita tu kabla ya leseni kufutwa. Kamĩrĩĩthũ iko katika Kaunti ya Kiambu, kama zilivyo Thika na Ruiru. Kwa hiyo kaunti hii iliwahi kuwa na ukumbi ambao dunia nzima ya tamthilia huutaja darasani, na hakuna aliyeujenga upya.

Miaka ya tisini ilileta njia nyingine. Vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walitunga vichekesho vyao wenyewe na kuunda Redykyulass. Mwishoni mwa muongo huo walikuwa kwenye runinga wakimwigiza Rais aliyekuwa bado madarakani, sauti yake, fimbo yake, mwendo wake. Wazazi waliotazama walishika vichwa wakingoja vijana hao wakamatwe. Hawakukamatwa. Wachekeshaji wengi wa Kenya waliofuata walipita kwenye mlango uliofunguliwa na wanafunzi hao. Kiarie baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini.

Ni nini hasa kinachobadilika mwanafunzi anapotoka darasani na kuingia ukumbi wa kitaalamu? Kwanza ni mwanga. Darasani anasimama popote. Kwenye ukumbi halisi, taa imefungwa juu, imeelekezwa mahali pamoja, na akikosea kwa hatua moja uso wake unabaki gizani wakati wa sentensi muhimu kuliko zote. Anajifunza kulihisi joto la taa usoni na kujua amefika. Kisha meneja wa jukwaa. Huyu huketi pembeni na skripti iliyojaa alama za penseli, na neno lake ndilo linalozima taa, linalofungua pazia, linalomtoa mwigizaji gizani. Mwandishi kijana anayekaa naye usiku mmoja hatorudia kuandika kwamba mhusika anatoka jikoni akiwa amebadilisha mavazi matatu kwa sekunde tano.

Kisha kuna mlango wa tiketi. Rafiki wa darasani hucheka kwa sababu anakujua. Mtu aliyelipa kiingilio akitoka kazini hana deni lolote kwako. Mchezo ukilegea katikati, utamsikia akikohoa, utaona mwanga wa simu yake. Kesho yake kikundi kinakutana mapema, mwandishi anakata ukurasa mzima alioupenda, mwelekezi anasogeza tukio la tatu liwe la pili, na usiku wa pili ukumbi unanyamaza pale ulipokohoa jana. Huo ndio utunzi wa jukwaani. Hauwezi kufanyika mezani, na hauwezi kufanyika kwa onyesho moja. Vikundi vya kulipwa vya Nairobi kama Heartstrings vimejenga watazamaji wao kwa kurudi mbele yao mara kwa mara, kwa miaka mingi.

Vyuo vya Afrika Mashariki vimewahi kulitafutia jambo hili ufumbuzi. Makerere ilianzisha kikundi cha wanafunzi wasafiri mwaka 1965, kikazunguka miji na vijiji na michezo katika lugha mbalimbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1974 na kikundi chake cha maonyesho ya bure. Wanafunzi walilala kwenye madarasa, wakacheza viwanjani na kwenye kumbi za jamii, na kila kituo kilikuwa onyesho jingine la kazi ileile, mbele ya watu wapya wasiojali alama za mtihani. Waliorudi kutoka safari hizo walikuwa waigizaji.

Kwa wanafunzi wa Thika na Ruiru, umbali wa Nairobi wenyewe ni mdogo. Kinachouma ni hesabu. Kukodi ukumbi, kulipa nauli ya kundi zima, kusafirisha mandhari, kupata leseni na vibali, kisha kumshawishi mfanyakazi wa kiwanda cha Thika afunge safari ya jioni hadi jijini kumwona jirani yake akiigiza: vyote hivyo vinafanya tamthilia ya mwanafunzi ichezwe siku moja au mbili, ikiwa itachezwa. Mwigizaji anapotazama watazamaji wake wa Nairobi, wale aliowaandikia hawamo.

Ukumbi wa Kitaifa ulikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2015, na Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ikachezwa hapo, kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza, bila mtu kufunga mlango. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025 akiwa ameiona kazi yake ikirudi nyumbani, japo ilichukua miaka 45. Wanafunzi wa leo hawana sababu ya kungoja kiasi hicho.

Kinachohitajika kinajulikana na hakihitaji mabilioni. Vyuo vya barabara hii vina kumbi ambazo hukaa giza jioni nyingi za juma. Vifungue milango kwa tamthilia za wanafunzi, kwa majuma mawili au matatu mfululizo badala ya siku moja ya sherehe, vilipe fundi wa taa anayeijua kazi yake, na viuze tiketi kwa bei ambayo mpanda matatu ataimudu. Idara za fasihi zihifadhi skripti bora na kuzichapisha. Serikali ya Kaunti ya Kiambu, ambayo ndiyo mrithi wa ardhi ya Kamĩrĩĩthũ, ijenge ukumbi mmoja wa maonyesho, Thika au Ruiru, na ikishaujenga iwaachie wasanii waseme wanachotaka humo ndani. Wazazi nao, wanaochangia basi la drama kila Januari, wadai kuuona mchezo huo tena mwezi Juni, katika mji wao, wakiwa wamelipa kiingilio.

Vijana wako tayari. Januari ijayo watakuwa wanasukuma meza ukutani tena.